Hakuna Kinachooza Chenyewe

Katika lugha yetu tunasema mbao imeoza, nguo imevunda, kitabu kimechakaa. Maneno haya yana tabia moja ambayo si wengi wetu tunaoitambua: hayamtaji mtendaji. Ukiyasikia utadhani kila kitu kina umri wake, na kwamba kikifikia siku yake hujimaliza chenyewe kwa uchovu, bila mtu wala mnyama kuhusika.

Nilifundisha sayansi katika vyuo vya ualimu kwa miaka mingi kabla ya kuwa mkuu wa chuo, na kila mwaka nilikuwa na desturi ya kuingia darasani nikiwa na kipande cha nguzo kuukuu. Nilikiweka mezani nikauliza, "Nani ameiozesha nguzo hii?" Wanachuo walicheka, maana kwetu anayeozesha ni baba mwenye binti. Baada ya kicheko walijibu kwamba ni mvua, jua na uzee. Jibu hilo lina ukweli kidogo. Jua hupasua mbao, na mvua huilowesha na kuifubaza. Lakini mbao ikiachiwa jua na mvua peke yao hudumu muda mrefu mno. Aghalabu wanaoimaliza ni viumbe hai, nao huimaliza kwa sababu ile ile inayokupeleka wewe na mimi mezani saa saba mchana. Wana njaa.

Viumbe hao wana masharti yao. Kuvu, ambao ni ndugu wa uyoga, huhitaji chakula, maji, hewa na joto la wastani. Ukiwanyima kimoja tu kati ya hivyo vinne, kazi yao husimama. Mbao ambayo maji yake hayafiki asilimia 20 ya uzito wake mkavu haioti kuvu. Ndiyo maana kenchi za paa lisilovuja zinaweza kuwafikia wajukuu. Tazama pia nguzo ya ua wako. Sehemu ya juu hukaushwa na upepo, kwa hiyo kuvu hukosa maji. Sehemu iliyo chini kabisa ina maji, lakini hewa ni haba. Nguzo hukatikia pale pale inapoingia ardhini, kwa kuwa hapo pana maji na hewa kwa pamoja. Msomaji mwenye ua wa miti anaweza kwenda kuthibitisha hayo sasa hivi, bila maabara.

Kuvu hana mdomo. Hutoa majimaji yake nje ya mwili, yakaiyeyusha mbao, kisha akanyonya kilichoyeyuka. Wako kuvu wanaokula selulosi, yaani zile nyuzi zinazoupa mti nguvu, wakaacha mabaki ya rangi ya kahawia yanayopasuka vipande vipande kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Wako wengine wanaoweza pia kuivunja lignini, ile gundi ngumu inayoshikamanisha nyuzi, nao huacha mbao nyeupe na laini kama sufi. Mwanachuo aliyekwisha kuyaona yote mawili hasemi tena kwamba mbao imeoza tu. Huuliza imeliwa na nani.

Kisha wapo mchwa. Watu huwaona kama waharibifu tu, nami nilipenda kuanza kwa kuwasifu. Katika vile vichuguu vikubwa vya nchi yetu, mchwa wengi ni wakulima. Hutafuna majani makavu, nyasi na vipande vya miti, wakaenda kuyarundika ndani ya kichuguu kama masega, na juu ya masega hayo wakaotesha kuvu wa aina yao. Kuvu huyalainisha yale makapi magumu, kisha mchwa wakala masega pamoja na kuvu mwenyewe. Mvua zinapoanza, kuvu hao huchomoza nje ya kichuguu wakiwa uyoga, ule ambao akina mama wa bara hutoka alfajiri kwenda kuuchuma. Kwa hiyo ulapo uyoga wa kichuguu, unakula shina la mtama la mwaka jana, jani la mwembe, na pengine mlango wa jirani.

Nilipata kulijua jambo hili kwa upande wake mchungu mwaka 1996. Wakati huo nilikuwa na miezi minne tu tangu kuhamishiwa katika chuo kimoja cha bara. Asubuhi moja aliingia ofisini mwalimu mstaafu, mtu mzima kuliko mimi, amevaa suti iliyopigwa pasi vizuri na kushika bahasha ya khaki.

"Shikamoo, Mwalimu," nilimwambia.

"Marahaba, Mkuu. Nimekuja kutafuta miaka yangu."

Alikuwa amehitimu chuoni hapo mwaka 1961. Faili lake la utumishi lilianzia mwaka 1968. Ile miaka saba ya mwanzo ilipotea katika kuhamahama kwa mafaili kutoka mkoa hadi mkoa, na cheti chake kiliungua nyumba yake iliposhika moto. Mafao ya kustaafu huhesabiwa kwa muda wa utumishi, hivyo miaka saba si jambo dogo. Alijua kwamba rejista ya chuo iliandika jina la kila mhitimu na shule aliyopangiwa. Alichohitaji ni nakala ya ukurasa mmoja, iliyopigwa mhuri.

Rejista za zamani zilikuwa katika stoo iliyo nyuma ya ukumbi. Bwana stoo alinihakikishia kwamba hazijaguswa na mtu kwa muda wa miaka tisa. Kufuli lilikuwa zima, na lilifunguka kwa shida kwa sababu ya kutu. Ndani, vitabu vilisimama juu ya rafu kwa mpangilio wa kupendeza, migongo yao ikionyesha mwaka baada ya mwaka: 1958, 1959, 1960, 1961. Yule mzee alitabasamu. Bwana stoo akanyoosha mkono kuutoa mwaka 1961, na ule mgongo ukabonyea katikati ya vidole vyake kama ganda la yai. Ndani hamkuwa na karatasi. Mlikuwa na udongo mwekundu uliofuata umbo la kitabu, pamoja na mchwa weupe wakikimbia mwanga.

Mchwa wanaojenga kwa namna hiyo hawapendi mwanga wala upepo. Hupanda kutoka ardhini kupitia ufa wa sakafu, wakajenga vijia vya udongo ukutani, wakaingia rafuni kwa nyuma na kuila karatasi kutoka ndani, wakibakiza ganda liwafiche. Karatasi nayo ni selulosi iliyokwisha kupondwa na kusafishwa, chakula kilichopikwa tayari. Wenye kufunga stoo ile walimfikiria mwizi mwenye mikono. Mchwa hawakuhitaji ufunguo, na kwa kweli kufuli liliwasaidia, kwani liliwapa giza, utulivu na miaka tisa ya kutosumbuliwa.

Yule mzee aliutazama udongo ule kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe niliyeliwa ni mimi, Mkuu."

Sijasahau neno hilo. Sarufi yake ilikuwa sahihi kuliko ya kitabu chochote.

Msaada ulitoka mahali ambapo hatukupategemea. Ukutani mwa ukumbi palikuwa na ubao mkubwa wa mninga wenye majina ya viranja wakuu, kila jina na mwaka wake. Ukuta ule ulikuwa na vijia vya mchwa vilivyopanda hadi ukingoni mwa ubao, vikaishia hapo. Kiini cha mninga, ile sehemu ya ndani yenye rangi ya kahawia, kina dawa zake za asili ambazo mchwa na kuvu hawazipendi. Mti huitengeneza kinga hiyo ungali hai, nayo hubaki ndani ya mbao hata baada ya mti kukatwa. Sehemu nyeupe ya nje haina kinga hiyo, na fundi anayeichanganya na kiini katika meza moja anamuuzia mteja meza nusu. Jina la yule mzee halikuwamo ubaoni, lakini la mwanadarasa mwenzake, kiranja mkuu wa mwaka 1961, lilikuwamo. Alikuwa hai, akiishi mkoa wa jirani. Alikwenda mbele ya hakimu akaapa kwamba walisoma pamoja, wakahitimu pamoja, wakapangiwa shule katika wilaya moja. Baada ya miezi kumi na minne nilipokea barua ya shukrani. Miaka saba ilikuwa imerudishwa.

Lakini si kila aliyeandikwa katika vitabu vile alikuwa na rafiki kiranja. Kwa sababu hiyo tuliisafisha stoo siku ile ile, na tukaanza utaratibu ambao haukuhitaji fedha nyingi. Rafu tulizisogeza mbali na ukuta. Miguu yake tuliisimamisha katika makopo yenye oili chafu. Nyufa za sakafu zilizibwa kwa saruji, bati linalovuja likabadilishwa, na dirisha likafunguliwa kila asubuhi ya jua, kwa sababu katika chumba chenye unyevu ukungu hupanda juu ya karatasi hata pasipo na mchwa. Kila mwisho wa mwezi wanachuo wawili walitoa kila kitabu rafuni, wakakifungua, wakakirudisha. Baadhi ya wakufunzi waliona ni kupoteza muda. Niliwaambia kwamba mchwa hawapumziki hata usiku. Bandu bandu huisha gogo.

Wapo walionishauri nitafute sumu. Kwa miaka mingi sumu kama dieldrini zilimwagwa chini ya misingi ya nyumba duniani kote kwa ajili ya mchwa, na zilifanya kazi vizuri mno. Sababu ya kufanya kazi vizuri ndiyo iliyokuwa ubaya wake. Hazioreshwi upesi na kiumbe yeyote, basi hukaa udongoni miaka na miaka, zikaingia kwa wadudu, kwa samaki, na hatimaye katika maziwa ya mama anyonyeshaye. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliiweka dieldrini katika orodha ya kwanza ya kemikali za kuondolewa duniani.

Hapo ndipo ninapomtaka msomaji atulie kidogo, asije akaondoka na chuki dhidi ya viumbe hawa. Wanachuo wangu walikuwa wakizika vitu vitano katika bustani ya chuo mwanzoni mwa mvua: kitambaa cha pamba, gazeti, kipande cha msonobari, kipande cha kiini cha mninga na mfuko wa nailoni. Walivifukua mwishoni mwa muhula. Gazeti na pamba vilikuwa vimekuwa udongo. Msonobari ulikuwa na mashimo. Mninga ulikuwa umebadilika rangi kidogo tu. Nailoni ilikuwa vile vile, na ukiisuuza ungeweza kubebea sukari. Niliwauliza, kati ya hivi ni kipi kinachowatisha? Mwanzoni walisema ni gazeti, maana limekwisha. Baada ya mjadala walianza kuutazama mfuko. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, na nilipolisikia tangazo hilo, nikiwa tayari nimestaafu, niliikumbuka bustani ile.

Bila bakteria, kuvu na mchwa, kila jani lililowahi kuanguka lingekuwa bado limelala hapo lilipoangukia, na rutuba yote ya ardhi ingefungwa ndani ya mizoga na magogo. Shamba lingekufa kwa njaa katikati ya utajiri. Kiumbe aliyeila rejista ya mwaka 1961 ni yule yule anayeirudisha rutuba ya shina la mtama kwa mtama ujao. Yeye hana namna ya kutambua kwamba selulosi hii ni jani na ile ni pensheni ya mtu. Tofauti hiyo tunaijua sisi peke yetu, na kwa hiyo kazi ya kuilinda ni yetu.

Katika uzee wangu nimeona kwamba yaliyo ya karatasi ni kielelezo cha mengi. Nimeona vyama vya ushirika, maktaba za shule na hata undugu wa watu vikibonyea kama ule mgongo wa kitabu, na watu wakashangaa wakisema, "Mbona jana kilikuwa kizima?" Jana kilikuwa ganda. Tunapenda kuamini kwamba kutunza ni kuweka mahali salama na kuondoka. Kutunza ni kurudi. Kitu kilichofungiwa kikasahauliwa kimekwisha kukabidhiwa kwa wengine, nao hawachelewi kuchukua.

Kwa hiyo nina ombi moja. Najua wengi wetu tuna sanduku chini ya kitanda, au bahasha juu ya kabati, yenye hati ya shamba, cheti cha ndoa, barua ya kwanza ya ajira. Kesho, kukiwa hakuna mvua, litoe sanduku hilo. Fungua kila karatasi, uikung'ute, uiache kivulini penye upepo kwa saa moja. Angalia pembe za sanduku, na uone kama chini yake pana udongo au unga wa mbao. Mwite mtoto mwenye simu azipige picha hati zote. Kisha inua sanduku kutoka sakafuni, uliweke juu ya matofali mawili mbali na ukuta, na uandike katika kalenda siku utakayolifungua tena.