Sitara ya Majeruhi

Kazi iliyonilisha tangu usichana hadi kustaafu ilikuwa ya masijala ya hospitali, katika mkoa wa Tanga, ambako majalada ya wagonjwa waliokwisha kuruhusiwa yaliletwa mezani kwangu ili kila maradhi na kila jeraha nilitafutie msimbo wake katika vitabu vya Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa. Nilianza na toleo la tisa. Na toleo la kumi, ambalo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikuwa umeliidhinisha mwaka 1990, lilipotufikia na juzuu zake tatu, nilijifunza upya herufi na tarakimu zake kwa raghba ile ile. Katika mafungu yote niliyoyashughulikia, hapana lililonishughulisha fikira kuliko lile dogo la majeraha ya tupu, yaani yale yanayompata mwanadamu mahali ambapo ulimi huona haya kupataja.

Mtu aliye nje ya kazi hii aweza kudhani kwamba jeraha ni jeraha, walakini kitabu hakiridhiki hivyo. Jeraha la wazi la uume ni S31.2, la korodani na mfuko wake ni S31.3, la uke na mashavu yake ni S31.4. Pakiwa pamevilia damu tu, ngozi isichanike, ni S30.2, pakipondwa, S38.0, kiungo kikikatika, S38.2, na mrija wa mkojo ukiumia, S37.3. Mwanamke aliyechanika wakati wa kujifungua haingii humo kamwe, kwa kuwa yeye yumo katika mlango wa uzazi, O70, ambamo mchaniko wa msamba hupangwa kwa daraja nne, tangu ngozi peke yake hadi utando wa ndani wa njia ya haja kubwa. Baada ya msimbo wa jeraha hufuata wa sababu: kuanguka mtini, W14; ajali ya mpanda baiskeli, V10 hadi V19; shambulio, X85 hadi Y09, na ndani yake Y05, shambulio la kujamiiana kwa nguvu za mwili. Mwisho, kwa sababu nyingi zisizo ajali za usafiri, huongezwa tarakimu ya mahali: sifuri nyumbani, mbili shuleni, saba shambani.

Elimu yote hiyo haina nguvu tabibu asipoandika. Nakumbuka jalada la mkwezi mmoja wa minazi ambalo lote lilikuwa maneno sita: ana jeraha sehemu za siri, ameshonwa. Nililichukua nikamwendea tabibu kijana aliyetia sahihi.

"Mwanangu," nilimwambia baada ya kuitikia shikamoo yake, "jeraha hili liko wapi hasa?"

"Si nimeandika, Mama? Sehemu za siri."

"Mwili mzima wa mgonjwa ni siri yetu. Mimi nataka kujua ulishona nini."

Aliketi, akaandika kwamba mfuko wa korodani umechanika upande wa kushoto kwa urefu wa sentimita nne, kwamba korodani yenyewe ni salama, kwamba mlangoni mwa mrija wa mkojo hakuna damu, na kwamba mtu huyu alianguka mnazini akiangua nazi shambani. Kwa maelezo hayo jalada lilitoka S31.5, ambako hukusanywa majeraha ya tupu yasiyobainishwa, likaingia S31.3, na kando yake W14 na saba ya shamba. Wala lile neno la damu kutoonekana halikuwa pambo: damu ikionekana hapo huenda mrija umepasuka, na kuusukuma mpira wa mkojo kwaweza kuuharibu zaidi, basi tabibu wa zamu ya usiku apaswa kulikuta limeandikwa.

Jambo zito zaidi lilikuwa la wanawake na watoto waliodaiwa kubakwa, wakaja na fomu ya polisi, PF3. Hapo karatasi hutazamwa na hakimu, aghalabu baada ya tabibu mwenyewe kuhamishwa mkoa mwingine, na lisiloandikwa huwa kana kwamba halikuonekana. Saa ya kufika lazima iandikwe, madhali dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72. Mahali pa mchaniko hutajwa kwa uso wa saa, majeruhi akiwa amelala chali, kumi na mbili ikiwa upande wa mbele na sita upande wa nyuma. Nasi ambao adhuhuri yetu ni saa sita ilhali mkono wa saa umesimama kwenye kumi na mbili, tulikubaliana kuandika tarakimu iliyochorwa, si saa itamkwayo, la sivyo mchaniko wa nyuma ungesomwa kuwa wa mbele. Kadhalika sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 haikudai jeraha. Kuingilia, hata kuwe kudogo namna gani, kwatosha. Kwa hiyo tabibu asiyeona jeraha na aandike kwamba hakuliona, asiongeze kwamba hapana lililotendeka. Mimi nami sikuwa na idhini ya kubuni sababu ambayo haikuandikwa, hata moyo wangu uliposhuku.

Wapo walionambia kwamba kuandika waziwazi ni kumvunjia majeruhi heshima. Nimelipima neno hilo miaka mingi, na sikubaliani nalo. Heshima yake huvunjwa na jalada linaloachwa wazi dirishani, na karani anayesimulia sokoni, na shemeji anayepewa habari kwa sababu tu amekuja na ukali. Jalada likijaa ukweli likafungiwa kabatini, mwenyewe amesitirika. Likiwa tupu, amenyimwa tiba na haki pamoja.

Toleo la kumi na moja lilianza kutumika mwaka 2022, na vijana walioshika nafasi yangu hufanya kazi kwa kompyuta. Nawaomba wasipokee jalada la jeraha la namna hii mpaka litaje mahali, ukubwa, sababu, saa ya kufika, na maneno ya majeruhi mwenyewe yakiwa mbali na yale aliyoyaona tabibu. Na tabibu akikasirika, warudi kwake tena kesho yake na jalada lile lile mkononi.