Kulia Nne, Usikate

Najua nimewaacha wiki nyingi bila neno, na bado mnanidai ile sehemu ya pili kuhusu hifadhidata. Itakuja, msijali. Leo nataka kuwaeleza kwa nini nimechelewa.

Kazini nilipewa kuandika ile sehemu ya programu inayoongea: sauti inayomwambia mwendesha bodaboda anayepeleka mizigo "geuka kulia", "geuka kushoto", kwa Kiswahili. Nilimwambia bosi siku tatu zinatosha. Sasa ni mwezi mzima. Kilichonichelewesha ni gemu ya magari ya mwaka 2000, pamoja na binamu yangu.

Gemu yenyewe ni Colin McRae Rally 2.0, iliyoundwa Uingereza na kampuni ya Codemasters kwa ajili ya PlayStation. Mimi niliikuta 2006 nikiwa na miaka minane, katika banda la mabati kule Makina, Kibera, upande unaopakana na soko la Toi. Sisi tuliishi Kawangware, karibu na 56. Jumamosi mama akinituma kwa shangazi nilikuwa nashuka Naivasha Road kwa miguu, nafuata Ngong Road hadi Adams, halafu nachepuka naibukia Toi. Mzigo wa mama ulifika kwa shangazi saa mbili baadaye, kwa sababu njiani palikuwa na lile banda. Mchezo mmoja shilingi tano.

Kati ya nchi zilizokuwa kwenye gemu hiyo, Kenya ilikuwemo! Sijui kama mnaelewa maana yake kwa mtoto wa Kawangware. Uingereza ipo, Ufaransa ipo, Finland ipo, na sisi tupo, vumbi letu jekundu na yote. Safari Rally yenyewe sikuwahi kuiona, maana ilitolewa kwenye mashindano ya dunia baada ya 2002 na haikurudi hadi 2021. Kwa hiyo Safari yangu ya kwanza ilichorwa na Waingereza, nikaichezea Kibera.

Tatizo lilikuwa sauti. Banda lilikuwa na televisheni nne, na ile ya kona, ambayo ndiyo ya magari, spika yake ilikufa zamani. Kwa gemu ya mpira hilo si neno. Kwa rally ni janga, kwa sababu nusu ya mchezo ni yule mtu anayekaa kando ya dereva na kumsomea kona kabla hajaziona. Ndani ya gemu sauti hiyo ni ya Nicky Grist, Mwelisi ambaye alikaa kando ya McRae kwenye mashindano ya kweli. Kona anazipa namba. Moja ni ile ya kubana kabisa, sita ni karibu barabara iliyonyooka. Akisema nne kulia, usikate, maana yake kona ya kulia, ya wastani, na huko ndani usijaribu kupunguza njia, kuna jiwe linakusubiri.

Binamu yangu alinizidi miaka mitatu. Asubuhi alikuwa anafagia lile banda kabla wateja hawajafika, na malipo yake yalikuwa kucheza bure kwenye televisheni yenye sauti. Akazikariri hatua za Kenya zote, kona kwa kona. Jumamosi nikiingia, mimi nashika pedi, yeye anasimama nyuma yangu na mikono yake juu ya mabega yangu. "Kulia nne, usikate. Kushoto sita, kanyaga! Kulia mbili, inabana, inabana!" Wale wa mpira wakipiga kelele za goli, anaacha kusema na anagonga bega. Bega la kulia ni kulia, na idadi ya kugonga ni namba ya kona.

Tulidhani tumevumbua kitu. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo nasoma sayansi ya kompyuta, nikasoma habari za Stirling Moss na Denis Jenkinson. Mwaka 1955 Waingereza hawa wawili walishinda Mille Miglia kule Italia, kama kilomita 1,600 kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48, ndani ya Mercedes iliyo wazi juu. Jenkinson alikuwa mwandishi wa habari mwenye ndevu ndefu. Aliandika njia nzima kwenye karatasi moja yenye urefu wa zaidi ya mita 5, akaiweka ndani ya kisanduku chenye kioo na kuizungusha kidogo kidogo. Na kwa kuwa injini ilikuwa na kelele kiasi kwamba hawasikilizani, akawa anamwonyesha Moss ishara za mikono. Nilicheka peke yangu maktaba hadi mtu akanitazama vibaya.

Hawa watu wa kiti cha pili wanasahaulika upesi sana. Hapa kwetu kila mzee anamkumbuka Joginder Singh, aliyeshinda Safari 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta aliyeshinda mara 5. Waulize sasa nani alikuwa kando ya Mehta. Mwaka 1973 alikuwa Lofty Drews, na 1979 hadi 1982 alikuwa Mike Doughty. Wengi hawatakujibu. Vivyo hivyo McRae na Grist: walishinda Safari pamoja 1997 kwa Subaru, 1999 kwa Ford Focus (ushindi wa kwanza kabisa wa gari lile kwenye mashindano ya dunia), na tena 2002. Kabla mwaka huo wa 2002 haujaisha, walikuwa wameshaachana.

Kwa njia, ninyi wenzangu mnaopenda Subaru, jueni kwamba zile Impreza za McRae na Richard Burns zilitengenezwa Banbury, Uingereza, na kampuni ya Prodrive, na Focus ilitoka kwa M-Sport kule Cumbria. Jina la Kijapani au la Kimarekani mlangoni, spana za Kiingereza ndani. Na sisi humwita kila mmoja wao Mwingereza, ingawa McRae alikuwa Mskoti, na Elfyn Evans aliyeshinda Naivasha 2025 ni Mwelisi kama Grist. Burns ndiye Mwingereza hasa, bingwa wa dunia wa 2001, mshindi wa Safari 1998 na 2000. Alifariki Novemba 2005 kwa uvimbe wa ubongo.

McRae alifariki Septemba 2007. Habari zilitufikia bandani siku kadhaa baadaye, na mwenye banda akaturuhusu mchezo mmoja bure. Sisi tulijua tu kwamba helikopta imeanguka. Sikujua hadi nilipokuwa mtu mzima kwamba yeye ndiye alikuwa rubani, na ndani alikuwemo mwanawe wa miaka 5 na marafiki wawili wa familia, mmoja mtoto pia. Uchunguzi wa mahakama kule Scotland ulitoa uamuzi 2011: aliruka chini chini bila sababu na bila usalama, na leseni yake ilikuwa imekwisha muda. Yule tuliyempenda kwa sababu haogopi! Nimelirudia hilo kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Miezi michache baadaye banda nalo likaungua pamoja na Toi, katika machafuko ya baada ya uchaguzi.

Mimi nikapata mkopo wa chuo. Binamu hakupata karo ya kumaliza sekondari. Akawa bodaboda, stendi yake Kawangware, pikipiki ya mkopo.

Mwaka 2019 niliitwa kwenye intavyu ya kazi Kilimani na nikachelewa kutoka. Akanibeba. Ngong Road ilikuwa bado inapanuliwa, mapipa na vifusi kila mahali. Kwenye makutano mamoja lori lilikuwa limesimama likamziba upande wa kulia. Mimi nyuma nilikuwa na simu mkononi, nasoma majibu ya maswali ya intavyu. Akauliza, "Huko vipi?" Nikainua kichwa nusu sekunde. Nikamwambia, "Twende, iko wazi."

Hakuangalia mwenyewe. Kwa nini aangalie? Tangu Makina, mmoja wetu akisema, mwingine anakanyaga.

Haikuwa wazi. Pikapu ilimpiga mguu wa kulia, ukavunjika sehemu mbili. Mimi nilichubuka kiwiko. Alilala hospitali wiki sita, na pikipiki ikachukuliwa na waliomkopesha. Intavyu waliniahirishia hadi wiki iliyofuata na kazi nikapata. Kutoka siku ile hatukuwahi kulizungumza. Nilimsaidia kwa pesa kila nilipoweza na yeye alishukuru kila mara, na hiyo shukrani ndiyo nilikuwa siwezi kuivumilia. Sasa ni fundi wa pikipiki Gatina, anatembea kwa kuchechemea, na vijana wanamheshimu.

Turudi kwenye programu. Kusema "geuka kulia" si kazi. Kazi ni lini. Ukisema mapema mno, mtu anasahau au anageukia uchochoro usio wake. Ukichelewa, ameshapita. Kibera mtego ni mkubwa zaidi, vichochoro vimekaribiana na GPS yenyewe inayumba kati ya mabati. Nilijaribu umbali, nikajaribu sekunde, mwishowe nikachanganya vyote viwili kulingana na mwendo. Hapo ilikaa sawa.

Lakini kuna jambo la Safari ambalo sikuweza kulipita. Zamani Safari ilikimbiwa kwenye barabara zisizofungwa, kama kilomita 1,000 za mashindano huku matatu na ng'ombe wakiendelea na shughuli zao. Timu kubwa zilirusha helikopta mbele ya gari, na mtu wa juu akawa anaongea kwa redio: lori linakuja, punda wapo njiani. Daftari la mwelekezi lilijua kona, kwa kuwa kona haihami. Mambo yanayosogea yalihitaji jicho lililopo pale wakati ule. Programu yangu ni daftari tupu. Helikopta haina.

Tulihitaji mtu wa kurekodi sauti. Nikamtaja binamu, bosi akakubali, na atalipwa kama mtu mwingine yeyote. Jumapili nilimpelekea maikrofoni kule Gatina, tukafunga mlango wa karakana na kutundika blanketi ukutani kupunguza mwangwi. Orodha ilikuwa na sentensi 84. Alisoma vizuri ajabu, bila kukimbia, kila neno mahali pake. Alipofika "geuka kulia" akatabasamu akaongeza, "nne, usikate." Nimeihifadhi hiyo kwenye faili lake, bosi asijue.

Sentensi ya 61 ilikuwa "Barabara iko wazi, endelea." Ilitoka kwa watu wa usanifu, wanasema inampa mwendeshaji imani. Mimi nilikuwa nimeipita mara kumi bila kuiona.

Akaitazama. Akachukua kalamu yangu mfukoni mwangu na kuichora mstari.

"Hii siisemi, ndugu yangu," akasema. "Kitu chako kitajuaje?"

Nikamwambia hakitajua. Nikamwambia na mimi siku ile sikujua, kwamba sikuangalia, kwamba nilikuwa nasoma simu. Maikrofoni bado ilikuwa inarekodi.

Akakaa kimya. Halafu akasema, "Najua. Nilikuona kwenye kioo cha pembeni." Akageuza karatasi. "Lete sitini na mbili."