Barua kwa Mpwa Wangu Juu ya Uaminifu Mchezoni

Runyenjes, Embu

Mpwa wangu mpenzi,

Sisi sote huku tu wazima, ila bibi yako miguu inamsumbua kwa baridi hii. Kahawa imekwisha chumwa, na mama yako aniambia karo yako ameshaituma. Hayo yatosha, kwa kuwa siyo yaliyonishikisha kalamu.

Nimesikia, na aliyenieleza si mtu wa kuzua maneno, kwamba katika mashindano ya sataranji mliyoyacheza kwa intaneti, wewe uliyetwaa nafasi ya kwanza na zawadi yake ulikuwa na simu ya pili pembeni, yenye programu ya kukutafutia hatua, na kwamba wenye mtandao wamekwisha ifunga akaunti yako. Nikasikia tena kuwa wenzako walipokuuliza uliwajibu kwa wepesi kwamba katika michezo ya vita ya kompyuta kila mtu hudanganya, na kwamba mashine hukuiuliza ila mara mbili tatu. Jawabu hilo limenikosesha usingizi kuliko kitendo chenyewe. Maana kitendo chaweza kuwa tamaa ya saa moja, lakini jawabu la namna ile ni itikadi, na itikadi mbovu ikikaa kifuani mwa kijana itakuja kumtawala atakapokuwa mhasibu, au hakimu, au baba wa watu.

Madhali umeileta michezo ya vita iwe shahidi wako, na tumsikilize shahidi huyo. Mtoto wa jirani alinionyesha StarCraft II na Age of Empires, nami nikaketi naye mpaka nikafahamu mwendo wake. Sataranji yote i wazi: vipande 32 juu ya miraba 64, mimi navitazama vyako nawe wavitazama vyangu, wala haikubaki siri ila ile iliyomo kichwani mwa kila mmoja. Katika michezo ile, kinyume chake, nchi imefunikwa giza, na mchezaji haoni ila pale askari wake walipofika. Kwa hiyo kutuma wapelelezi, kuficha jeshi, kujionyesha kaskazini hali unakuja kwa kusini, ni ustadi unaosifiwa. Hila hizo ni halali kwa kuwa wote wawili waliziridhia kabla ya kuanza. Lakini yule atiaye programu ya kuliondoa giza, akaiona kambi ya mwenzake yote bila ya kumpeleka hata askari mmoja, huyo hafanyi hila, afanya hiana, na wachezaji wenzake ndio wa kwanza kumkataa. Wala usidhani kwamba huko hakuna hukumu. Korea Kusini mwaka 2010, Ma Jae-yoon, aliyehesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa StarCraft, alifungiwa maisha kwa kuhusika katika kuuza mechi kwa ajili ya kamari.

Basi shahidi wako amekugeuka, mwanangu. Tena nakuambia kwa uchungu kwamba wewe umekwenda mbali kuliko yule mwondoa giza, kwani yeye aliiba macho tu, kisha akapigana kwa akili yake, hali wewe ambaye kila kitu kilikuwa wazi mbele yako uliiazima akili yenyewe. Na hilo la mara mbili tatu lisikufariji. Tangu mwaka 1997, kompyuta ya Deep Blue ilipomshinda Kasparov, bingwa wa dunia, huko New York, mashine zimezidi kupanda, hata leo hakuna mwanadamu awezaye kuishinda programu iliyomo katika simu yako. Magnus Carlsen mwenyewe, aliyepata kuwa bingwa wa dunia, amepata kusema kuwa mchezaji wa daraja lake hahitaji ila dokezo moja au mawili katika mchezo mzima, tena si lazima aambiwe hatua, na hapo hapana atakayemgundua. Huko kuuliza kidogo kwako ndiko kulikoamua ushindi.

Nataka uikumbuke ile habari ya Pasaka ya 2023, maana ulikuwa hapa nyumbani tulipoisoma, na wewe ndiwe uliyekasirika kuliko sote. Katika mashindano ya sataranji ya Kenya Open pale Nairobi, penye wachezaji zaidi ya 400 kutoka nchi 22, kijana wa miaka 25, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyejulikana katika safu ya wanaume, alijiandikisha kwa jina la kike, akavaa buibui, nikabu na miwani, akaketi katika meza za wanawake, ambako mshindi angepata shilingi 500,000. Akamshinda Gloria Jumba aliyepata kuwa bingwa wa taifa, akamshinda na Shakira Ampaire wa Uganda. Mwanzoni hakuna aliyemshuku, kwa sababu vazi lile ni la kawaida na watu huliheshimu. Lakini waamuzi walianza kustaajabu kumwona mgeni asiye na sifa yoyote akiwaangusha wakubwa. Wakatazama viatu, wakaviona ni vya kiume. Wakakumbuka pia kuwa hakufungua kinywa, hata alipokwenda kuchukua kitambulisho chake. Bernard Wanjala, aliyekuwa rais wa Chess Kenya wakati huo, alieleza kuwa ukimya ule uliwashtua, kwani wachezaji huzungumza, na mchezo si vita bali ni urafiki. Baada ya raundi ya nne akaitwa faraghani, akaungama, akaandika barua ya kuomba radhi, akataja shida za fedha na kusema kuwa yu tayari kwa adhabu.

Usiku ule ulisema, mbele ya bibi yako, kwamba mtu wa namna ile hana haya. Mimi nilinyamaza, nikiwaza jambo jingine ambalo sasa nalitoa. Kijana yule hakuwa na mashine. Kila hatua aliyoicheza ilitoka katika akili yake mwenyewe, pengine hatua nzuri sana. Kilichokuwa cha uongo ni mtu aliyeketi kitini. Bibi Jumba alikuja kucheza na mwanamke mwenzake, akafikiri kwa saa nyingi na kushindwa, na yule aliyemshinda hakupata kuwapo duniani. Nawe je? Yule binti wa Chuka uliyecheza naye mchezo wa mwisho alidhani acheza na wewe. Aliyemshinda ni nani?

Na liko dhara la pili, ambalo mimi niliyefundisha miaka mingi Lamu, nikala na kulala katika nyumba za watu wenye staha, linaniuma zaidi. Tangu siku ile mwanamke Mwislamu atakayekuja mezani amejifunika kama dini yake inavyomfunza atatazamwa viatu. Kosa si lake, na gharama ni yake. Nawe umewatia hasara ya namna hiyo vijana wote wa huko Meru uliko, maana atakayetokea huko kesho akacheza vizuri kwa jasho lake, watu watauliza simu yake ya pili iko wapi.

Huko Lamu nilizoea kuketi kando ya wazee wa bao, na nilimwona siku moja mtu akigawa kete, kidole gumba kikaachia kete mbili katika shimo moja ili ya mwisho imfikishe alipotaka. Ilikuwa nyepesi hata mimi niliyekuwa karibu nilitia shaka macho yangu. Mzee aliyekuwa akicheza naye hakupandisha sauti. Alikusanya kete zake, akazitia katika mfuko wake wa nguo, akaondoka. Nilikaa mji ule siku nyingi baadaye, wala sikumwona mtu yule akipata wa kucheza naye barazani pale.

Mimi ndiye niliyekununulia ubao wa kwanza wa sataranji, na baba yako alisema mbele ya watu kuwa napoteza fedha. Sijayasahau maneno yale, na nilipenda kuona ukimjibu kwa sifa njema. Tena wewe wajua kuwa nilikosa ukuu wa shule kwa ajili ya mtu aliyeleta cheti cha ndugu yake. Nilimsalimu bwana yule kila asubuhi kwa miaka, nikimwita mwalimu mkuu. Sipendi kuwa na mpwa wa namna ile.

Unakaa karibu na Nchiru, yalipo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Siku moja waendee wazee wale kwa adabu, uwaulize mtu asemaye shaurini kwa kinywa cha kuazima huhesabiwaje.

Zile kazi za kulipwa upandishe daraja katika akaunti za watu wengine, ziache. Kamari ya simu, ifute.  Na bibi yako umpigie simu, asije akasikia habari zako kwa watu wa matatu.

Sasa hili ndilo nitakalo. Mwandikie yule binti wa Chuka, kwa jina lako kamili, umweleze ulivyofanya bila ya kutaja wengine wafanyavyo, kisha umpelekee zawadi yote aliyostahili. Waandikie na waliotengeneza mashindano. Nimesikia pia kuwa wazazi fulani hapo Makutano wanataka uwafundishe watoto wao sataranji wakati wa likizo. Waambie habari hii kabla hujaanza, nao wakikukataa usinung'unike. Kama fedha umekwisha zitumia nijulishe, nitakuongezea za kahawa, lakini zitumwe kwa simu yako na kwa mkono wako, kabla ya mwisho wa mwezi.

Wasalaam,
Mjomba wako