Snake Eyes Mpya ni Mkali, Lakini Utamrekebisha na Nini?

Wasee wa kukusanya toi, leo tumpime Snake Eyes wa G.I. Joe Classified, toleo la Hasbro lililoanza 2020. Mwanajeshi wa plastiki, inchi 6, karibu sentimita 15. Magoti yanakunjika vizuri, upanga una ala yake. Kwa sura pekee, nampa 9 kwa 10.

Lakini sisi tuliokulia Nyamira tulijua wale wadogo wa muundo wa 1982, inchi 3.75, waliotufikia kama mitumba: bunduki hana, kidole gumba kimekatika. Ndani ya kiuno kulikuwa na raba moja iliyoshika kifua na miguu. Ikikatika, jamaa amekuwa vipande viwili. Unafungua skrubu ya mgongoni, unaweka pete uliyokata kwa tyubu ya baiskeli, na jioni yuko vitani tena kwenye majani chai.

Huyu mpya hana hiyo raba. Kiungo kikivunjika, ni gundi na maombi. Ndiyo maana wengi wetu tunamwacha kwenye boksi.

Mnunue tu, ni mkali. Ila binamu mdogo akiomba kumshika, mpe. Toi isiyoguswa ni pambo, na mapambo, bana, Tabaka wanachonga ya mawe mazuri zaidi.