Pasaka Hufuata Mawingu

Kwa katekista wa Nariokotome, hesabu ya waumini huanzia malishoni. Kabla ya kuuliza ni nani amemaliza mafundisho ya ubatizo, yeye, ambaye ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliuliza kwanza mbuzi wako wapi. Wakiwa karibu, kati ya milima na Ziwa Turkana, kina mama wapo, watoto wapo, na Jumapili chini ya mgunga zitapatikana sauti za kuimba. Wakiwa wamepelekwa mbali, kwenye tambarare za Lotikipi au kuelekea mpaka wa Uganda, kanisa limehama nao, na katekista hana budi kuvaa akala zake na kulifuata. Hivyo ndivyo alivyoifanya kazi hiyo, tangu ujana hadi mvi zilipomwota.

Nariokotome iko ufuoni, magharibi mwa ziwa, kaskazini ya Lodwar, ukishapita Kataboi na Nachukui. Dunia iliisikia mwaka 1984, pale Kamoya Kimeu, akiwa na timu ya Richard Leakey na Alan Walker, alipookota kipande cha fuvu kando ya laga, yaani mto wa msimu. Uchimbaji ukafichua mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Wageni bado huja kumuulizia kijana huyo. Katekista huwaonyesha mahali, kisha huwaomba wageuke waitazame laga yenyewe, ambako kina mama wanachimba maji mchangani. Sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika humo.

Kanisa liliingia Turkana kwa mlango wa njaa. Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ireland walifika mwaka 1961, ukame ulipokuwa umeangamiza mifugo na watu wamekusanywa kwenye kambi za chakula. Mwaka 1978 Lodwar ikawa jimbo kamili chini ya Askofu John Mahon. Miaka kumi hivi baadaye, Jumuiya ya Kimisionari ya Mtakatifu Paulo Mtume, iliyoanzishwa na Padre Francisco Andreo wa Hispania, ikaweka makao Nariokotome, ikachimba visima, ikajenga mabwawa ya kukinga maji ya mvua, ikasimamisha pampu za upepo na kufungua vituo vya watoto wadogo. Mwandishi alianzia kwenye kituo kimoja cha watoto, akikoroga uji na kuwatafsiria wageni maneno ya kina mama. Ukatekista ulimjia baadaye, pole pole, kwa sababu tayari alizijua nyumba zote na majina ya watoto wote.

Wazee wengi aliowafundisha walilijua Kanisa kwa mahindi kabla ya kulijua kwa Injili. Yeye haoni aibu katika hilo. Aliyekulisha siku ya njaa ana haki ya kusikilizwa. Lakini aliona pia hatari yake: chakula kilipokoma kugawiwa, baadhi ya vituo vya sala vilibaki na mti na benchi tu. Tangu hapo akawa anatafuta kitu ambacho watu wangepeana wenyewe, bila kungoja lori kutoka Lodwar.

Alikipata wakati wa Kwaresima.

Mvua ya Turkana ni chache. Lodwar hupata takriban milimita 200 kwa mwaka, na miaka mingine hata hizo hazifiki. Mvua kubwa hutarajiwa kati ya Machi na Mei. Waturkana huuita mwezi wa mawingu kukusanyika Lomaruk, na unaofuata, majani yanapoota, Titima. Kwaresima huanza kabla ya mawingu hayo, wakati maziwa yamekauka na visima vya laga vimezama chini mno. Unamwambiaje mama aliyelala bila kula kwamba leo ni siku ya mfungo? Katekista alilibeba swali hilo miaka mingi, na hakuridhika na jibu lolote alilolisoma kwenye vitabu vya mafundisho.

Jibu lilikuwa kisimani. Kisima cha laga kikizama, mtu mmoja hawezi kukichota. Wanawake hujipanga ndani yake, mmoja juu ya mwingine kwenye ngazi za mchanga, wa chini kabisa akikomba maji kwa kibuyu, wa juu akiyamimina kwenye hori la mbuzi. Wimbo ndio unaoshika mwendo. Akitoka mmoja, mstari unakatika na wote wanabaki na kiu. Katekista alihamishia mafundisho yake hapo. Wakatekumeni walijifunza Nasadiki huku wakipokezana maji, na sadaka ya Kwaresima ikawa zamu: familia yenye nguvu ichote kwanza kwa ajili ya mjane, kwa mgonjwa, kwa mzee asiye na mtoto wa kushuka kisimani. Hapakuwa na mtu maskini kiasi cha kushindwa kutoa sadaka hiyo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Jambo la pili alilolibadili lilihusu jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walizifanya kuwa msingi wa uchungaji katika mikutano yao ya 1973 na 1976. Kitale au Nairobi jambo hilo ni rahisi: nyumba kumi zinazopakana zinakutana kila wiki, leo kwako, kesho kwangu. Turkana nyumba hazikai. Mwanzoni wahudumu waligawa jumuiya kwa vijiji, na kila baada ya msimu orodha zikawa za watu wasiokuwepo. Katekista akapendekeza jumuiya zifuate adakar, yaani kundi la familia zinazochunga pamoja, kuhama pamoja na kulindana usiku. Watu wa adakar moja tayari wanajuana shida. Wanagawana nyama mnyama akifa, wanakopeshana maziwa, wanamtafuta mtoto aliyepotea na ndama. Kilichohitajika ni msomaji mmoja katika kila adakar, na msalaba mdogo wa kuning'iniza kwenye punda wakati wa kuhama. Padre aliyekuwapo alisita, kisha akakubali kujaribu. Kwa maoni ya mwandishi, hilo ndilo jambo bora kuliko yote aliyowahi kuchangia, na angependa liigwe Marsabit, Samburu na popote waumini wanapoishi kwa miguu ya mifugo.

Mawingu yakishapasuka, kila kitu huja kwa pamoja. Ndani ya siku chache nyasi zimechipua kwenye changarawe, migunga imevaa majani, ngamia wananenepa, na adakar zinaanza kushuka kutoka milimani. Jumapili ya Matawi watoto hubeba majani ya mkoma, mti uleule unaowapa mama zao nyuzi za kusukia vikapu. Mkesha wa Pasaka hufanyika nje. Upepo wa ziwa hauvumilii mishumaa, kwa hiyo moto mpya huwa moto mkubwa hasa, wa magogo, unaoonekana kutoka mbali, na wanaochelewa huufuata huo. Kila adakar huleta maji kidogo kutoka kisima chake, yote humiminwa kwenye beseni moja, na hayo ndiyo ya ubatizo. Baada ya Aleluya hakuna anayekaa tena. Vijana huruka kwa mtindo wa ngoma ya edonga, kina mama huitikia kwa vigelegele, na mtu asiyejua angedhani ni harusi.

Wapo waliomlaumu kwa kuwapa wazee nafasi ya kubariki usiku huo. Mzee husimama na fimbo yake, hutamka sala kifupi kifupi, na umati wote huitikia kwa sauti moja: mvua ije, iwepo, ibaki, watoto wawepo, uadui uende zake. Waturkana walimwomba Akuj, Mungu wao, hivyo kabla ya mmisionari yeyote kuvuka mto Turkwel. Katekista alisimama upande wa wazee katika mabishano hayo na hajawahi kujuta. Mtu anayebatizwa akiwa na miaka sitini hamfahamu Mungu siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Kwa kipindi fulani alihamishiwa Kakuma, na huko alikutana na Pasaka ya namna nyingine. Kambi ya wakimbizi ya huko ilifunguliwa mwaka 1992, vijana wa Sudan walipofika kwa miguu wakikimbia vita. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Katika parokia ya Msalaba Mtakatifu, inayohudumiwa na Wasalesiani wa Don Bosco, Kiswahili cha Bukavu na Uvira kiliketi benchi moja na Kiswahili cha shule za Kenya. Kwaya za Wakongo zilimfundisha kwamba shangwe inahitaji mazoezi ya wiki nzima. Lakini nje ya uzio mambo yalikuwa magumu. Wanawake Waturkana walikuja kuuza kuni na makaa kambini, na ugomvi juu ya miti na maji uliweza kuwaka kwa neno moja. Alichofanya ni kuwaalika wauza kuni kwenye mafundisho ya Kwaresima pamoja na wateja wao. Walianza kwa kutazamana. Walipofika Alhamisi Kuu, siku ya kuoshana miguu, baadhi yao walikuwa wamekwisha kuwa wasimamizi wa ubatizo wa watoto wa wenzao. Serikali ya kaunti na Umoja wa Mataifa walipoanzisha makazi ya Kalobeyei mwaka 2016, ili wenyeji na wakimbizi wahudumiwe pamoja, yeye aliona ni jambo lililokwisha kuwezekana.

Kisha ikaja miaka ambayo masika hayakuja. Mwaka 2020 ulianza na nzige, ukafuatwa na korona. Ibada zilisimamishwa Machi, na tarehe 12 Aprili, siku ya Pasaka, hapakuwa na moto wala beseni. Adakar zilisali zenyewe, kila moja na msomaji wake. Mwishoni mwa mwaka huo mvua ya vuli ikakosekana, na misimu mitano ikapita mfululizo bila mvua ya kutosha hadi mwisho wa 2022. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa katika maeneo kame ya Kenya. Mwandishi aliona wanaume wakitembea na fimbo wasiokuwa na mnyama wa kuswaga. Aliona pia mbuzi wa mwisho akichinjwa na nyama yake kufika nyumba saba. Zamu ya kisimani haikukatika hata siku moja, ingawa wa chini alikuwa amezama kiasi kwamba wimbo wake haukusikika vizuri juu.

Pasaka ya 2023 iliangukia tarehe 9 Aprili, na safari hii mawingu hayakupita tu. Laga ilishuka na maji mekundu mchana wa Jumamosi Kuu. Padre na wakatekumeni wa upande wa kusini walikwama ng'ambo. Ng'ambo hii walibaki wazee, kwaya na kuni za moto. Hakuna aliyethubutu kuvuka. Waliwasha mioto miwili, mmoja kila ukingo, wakaimba kwa kupokezana juu ya ngurumo ya maji hadi usiku mkuu. Ubatizo ulifanyika asubuhi, maji yalipofika magotini, na mwaka huo beseni halikutumika.

Siku hizi katekista anakabidhi kazi. Vijana wanaoichukua wana simu na pikipiki. Habari ya malisho inayomfikia yeye kwa siku tatu, wao wanaipata kwa dakika. Anawaachia daftari la ubatizo lenye safu aliyoiongeza kwa mkono wake, kando ya jina la mzazi na la msimamizi: adakar, na njia inayoipita wakati wa kiangazi. Anawasisitizia waijaze kwa kalamu ya risasi, kwa sababu njia hubadilika. Mmoja wao ameshaondoka kwenda upande wa Kokuselei kuwauliza wachungaji wapi watakuwa Februari, ili Kwaresima ijayo mafundisho yaanzie kwenye visima vyao.