Tuliowarudisha Darasani

Mwaka 1998 nilikuwa na kibanda cha vitenge Biryogo, huko Nyamirambo, mtaa wa Kigali ambao watu wake wamezungumza Kiswahili tangu enzi za ukoloni. Karo ilitusumbua, sare zilitusumbua, lakini kilichotukosesha usingizi wazazi ni bangi kuingia shuleni. Leo wajukuu zangu wanapita njia ileile kwenda kusoma, na nikisikia wazazi wao wakibishana kuhusu nidhamu, nakumbuka mwaka ule.

Mji ulikuwa umejaa watu wapya. Walirudi waliokimbilia Uganda, Burundi na Tanzania miaka mingi nyuma, kisha mwishoni mwa 1996 wakarudi mamia ya maelfu kutoka kambi za Zaire. Mauaji ya kimbari ya 1994 yalikuwa yamekata masomo ya kila mtu, kwa hiyo darasa moja lilikuwa na mtoto wa miaka kumi na kijana aliyeanza kuota ndevu. Wengine walilala nyumba zisizo na mtu mzima hata mmoja. Kaka wa miaka kumi na tano ndiye aliyepika, ndiye aliyelea wadogo zake, na mwalimu akiita mzazi, ndiye aliyekuja.

Bangi, ambayo Kigali huitwa urumogi, ilitoka Kongo na kupitia Gisenyi. Kanyanga, ile pombe kali ya magendo, ilishuka kutoka upande wa Uganda. Kule Nyabugogo, karibu na stendi ya mabasi, watoto wa mitaani, mayibobo, walivuta gundi ya mafundi viatu ili wasisikie njaa wala baridi. Hayo tuliyajua, ila tuliyaona kuwa mambo ya huko mbali.

Siku moja jirani yangu, mjane mwenye mwana wa darasa la sita, aliingia kibandani, akavuta pazia, akafungua fundo la kanga yake. "Dada, hebu tazama." Vilikuwa vipakiti vinne vya bangi, kila kimoja kimesokotwa kwa karatasi nyembamba ya mraba. Nilikunjua kimoja. Karatasi ilitoka kwenye daftari la hesabu: migawanyo mirefu kwa penseli, na alama za vema za mwalimu kwa wino mwekundu. Mwandiko ule mama yake aliujua. Mtoto alikuwa akiuza madaftari yake kwa mtu wa nyuma ya soko, na siku nyingine analipwa kwa kilekile kilichofungwa ndani.

Kamati ya wazazi iliitisha mkutano Jumamosi mchana. Tulibanana kwenye madawati ya watoto, wengine wakasimama madirishani. Akina baba wengi walitaka fimbo, na atakayerudia afukuzwe. Samaki mkunje angali mbichi, walisema, tukapiga makofi. Uchungu wao ulikuwa na sababu. Kabla ya 1994 sera iliyoitwa iringaniza iligawa nafasi za sekondari kwa kabila na mkoa, na watoto wengi wenye akili waliachwa nje. Sasa mtihani wa taifa ulimpa kila mtoto nafasi kwa alama zake. Kuona nafasi hiyo ikiteketea kwa moshi wa bangi kulituumiza sana.

Ndipo akasimama mzee mmoja mshona viatu, mtu asiyependa kusema hadharani. Akaomba asomewe majina ya waliokwisha kufukuzwa mwaka ule. Kwa kila jina aliuliza, "Huyu yuko wapi sasa?" Mwanzoni tulinyamaza. Kisha mama mmoja akasema huyu yuko kwa yule mtu wa nyuma ya soko, anabeba mizigo. Wa pili, yuko kulekule. Wa tatu yuko Nyabugogo na chupa ya gundi. Orodha ilipoisha hakuna aliyetaka tena kupiga makofi. Barua za kufukuza zilikuwa zikimpa muuzaji vibarua.

Siku ile tulikubaliana na walimu kwamba hakuna mtoto atakayetoka shuleni kwa adhabu bila mtu mzima kuja kumchukua na kusikia kosa lake. Asiye na wazazi apewe jirani wa kumsimamia, jina liandikwe kwenye daftari la mwalimu wake. Wajane walijitolea kwanza, wakawafuata wazee wa msikiti na wa parokia. Tuligawana zamu za kusimama njiani masomo yanapoisha, kuanzia langoni hadi sokoni. Yule muuzaji tulimfikisha kwa nyumbakumi, kisha kwa askari, na alipokosa watoto wa kuwatuma alihama mtaa.

Hatukuwaokoa wote. Yule mvulana wa Nyabugogo tulimfuata tukachelewa. Masika ya mwaka uliofuata tulimzika. Lakini mwana wa jirani yangu alirudi darasani, akamaliza, na leo ni fundi magari Gatsata, ana watoto wake.

Tangu hapo serikali imefanya mengi. Mwaka 2010 kilifunguliwa kituo cha Iwawa, kisiwani katika Ziwa Kivu, ambako vijana wanaachishwa ulevi na kufundishwa useremala, ushonaji na kilimo. Sheria ya 2018 imeongeza sana vifungo vya wauza dawa za kulevya. Kila mtaa una jioni ya familia ya kujadili malezi. Nayaunga mkono yote. Hata hivyo Iwawa inampokea kijana aliyekwisha kuharibika, na sheria inamkamata muuzaji aliyekwisha kuuza. Kabla ya hapo kuna mtoto wa miaka kumi na mitatu anayetoka langoni saa tano asubuhi, amefukuzwa, na nyumbani hakuna mtu.

Ndiyo maana nawaomba wazazi na walimu wa Kigali ya leo: adhibuni, kemeeni, mnyimeni michezo, mwekeni afagie uwanja mwezi mzima. Ila kabla hamjamfungia mtoto lango, mwiteni mtu mzima mmoja atakayejua mtoto huyo analala wapi usiku huo na kesho atashinda na nani. Akikosekana kabisa, basi abaki darasani.