Ticha, Lile Dude Linakula Nini?

Waliokwenda TP wanajua inavyokuwa. Unapangiwa mkoa ambao hujawahi kukanyaga, boom halijaingia, na rafiki yako kapangiwa mtaa wa pili kutoka kwao. Mimi nilipelekwa Bariadi, Simiyu. Nilifika mwezi wa saba, lumbesa za pamba zimepangwa nje ya ghala la AMCOS mpaka zinaziba njia, nikakabidhiwa Baiolojia kidato cha pili. Wanafunzi tisini na kitu, chumba kimoja.

Jumatatu ya wiki ya pili nilikuwa nafundisha lishe. Mwishoni nikauliza, kwa Kiingereza kama tunavyotakiwa, kama kuna mwenye swali. Kimya. Halafu kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono na kuuliza kwa Kiswahili: "Ticha, lile dude la kwenye muvi linakula nini?"

Darasa likaangua kicheko. Kumbe Jumamosi walijazana kibanda umiza kuangalia *Alien*, muvi ya mwaka 1979, DJ akiwatafsiria. Nikamjibu kama nilivyokuwa najibiwa mimi: hilo halimo kwenye silabasi, kaa chini. Akakaa. Jumanne hakuna aliyenyoosha mkono. Jumatano pia. Kiukweli iliniuma, maana swali lenyewe lilikuwa la lishe kabisa. Mimi ndiye sikulisikia.

Nikaazima flashi, nikaiangalia usiku kwenye laptop. Kwa ambao hamjaiona: kuna yai kubwa. Linafunguka, kinatoka kidude chenye vidole kama buibui, kinamrukia mtu usoni na kumtia mbegu kupitia kooni. Mtu anaamka, anakula vizuri tu na wenzake, mara kifua kinapasuka na kitoto kinachomoka. Baada ya saa chache kitoto hicho kimeshakuwa kirefu kuliko mtu mzima. Na damu yake ni tindikali, ikidondoka inatoboa sakafu za chombo.

Yule kijana alikuwa sahihi. Mwili haujengwi kwa hewa. Ng'ombe wa Kisukuma anakula nyasi miaka kadhaa ndipo awe ng'ombe. Hili dude limepata wapi kilo zote zile ndani ya masaa? Kwenye muvi hatuoni likila cha maana. Hapo waandishi walitupiga chenga.

Alhamisi nikarudi na kukiri mbele ya darasa kwamba lile lilikuwa swali zuri. Wakabishana vibaya sana. Mmoja akasema labda linakula chuma. Mwingine akasema yote ni uongo, hakuna kiumbe kinachokua ndani ya mwenzake. Hapo nikanyoosha kidole juu. Kwenye kenchi za darasa letu dondora wamejenga vijumba vya udongo, kila mtoto wa Bariadi anavijua. Tukabandua kimoja kwa fagio. Ndani tulikuta buibui sita, laini, miguu ya mmoja bado inacheza, na katikati yao buu mweupe amenona. Dondora humchoma buibui sindano akapooza bila kufa, akamfungia humo na yai. Buu akianguliwa anakuta nyama mbichi isiyooza, bila friji. Darasa lilinyamaza kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuiona.

Na wapo nyigu wanaokwenda mbali zaidi, wanaotaga ndani kabisa ya mwili wa mdudu mwingine, mtoto atoke kwa kuupasua. Mmoja wao umetuokolea ugali wa udaga. Kidung'ata wa muhogo alipovamia Afrika miaka ya 1970 akitokea Amerika ya Kusini, watafiti wakiongozwa na Hans Herren walimfuata adui yake huko kwao, nyigu mdogo sana, wakaanza kumwachia Nigeria mwaka 1981. Kwa hiyo dude la kwenye muvi lipo, ila ni dogo kuliko punje ya mtama, na lipo upande wetu.

Msimamizi kutoka chuoni aliingia wiki iliyofuata, tukiwa kwenye mada ya damu, na mtu akauliza mbona tindikali ile hailitoboi dude lenyewe. Nikaeleza tindikali ya tumbo letu na ute unaolilinda. Nilieleza kwa Kiswahili. Alama zangu za lugha ya kufundishia mtaziona siku nikiwa tayari kuzionyesha.

Kengele ilipolia, binti mmoja alibaki. Ni yule asiyefika shule wiki moja kati ya tatu, ambaye wenzake walinong'ona kwamba karogwa. Akasema taratibu: "Ticha, damu ya lile dude inaumiza wengine. Yangu inaniumiza mwenyewe."

Ana selimundu. Nikamchorea seli ya mviringo, halafu ile inayojikunja kama mundu oksijeni ikipungua, zinavyosongamana kwenye mshipa mwembamba mpaka mfupa unauma. Alikuwa anameza vidonge miaka yote bila mtu kumchorea.

Halafu nikamwambia kitu nilichokuwa nimekisoma nilipokuwa natafuta habari za muvi. Aliyevaa lile vazi la dude alikuwa Mwafrika, Bolaji Badejo, Mnaijeria aliyekuwa anasomea usanifu wa picha London, akaonekana baa kwa sababu ya urefu wake. Alikuwa na selimundu.

Akauliza, "Yuko wapi sasa?"

Hapo nilitamani nisingeanza. Nikamwambia ukweli: alifariki mwaka 1992, huo huo ugonjwa, akiwa na miaka 39.

"Thelathini na tisa?" Akahesabu kitu kimoyomoyo. "Mimi nyumbani wanasema sifiki kumi na nane."

Nikamwambia kuna dawa, haidroksiurea, ambayo Marekani iliidhinishwa kwa ugonjwa huu mwaka 1998, Badejo akiwa ameshafariki miaka sita, na kwamba siku hizi hata Tanzania inatumika. Amuulize daktari wa kliniki yake. Akaandika jina la dawa nyuma ya daftari, mara mbili, ya pili kwa herufi kubwa.

Kesho yake aliingia darasani na swali moja, mbele ya wote: yule mtu alikuwa mrefu kiasi gani? Mita mbili na sentimita nane hivi, nikasema. Wavulana wakachukua rula ya mita na chaki, mmoja akapanda dawati kando ya mlango. Yeye alisimama katikati ya darasa akiwaelekeza.

"Hapo bado. Panda. Juu ya fremu ya mlango."